Ucuru Ulionyweshwa Ndama

Wawira alimwona kabla hajaonwa. Alikuwa amesimama katikati ya michai ya baba yake, kikapu kidogo mgongoni, mikono ikichuma yenyewe na macho yakiwa kule chini barabarani, ambako mtu mrefu mwenye mfuko wa turubai begani alikuwa anaupanda mlima wa Kibugu kama mtu anayejua anakokwenda na haogopi kufika. Mikono haikusimama. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Halafu akajikuta ameshika jani gumu, la zamani, aina ile ambayo karani huitoa kikapuni na kukutupia miguuni mbele za watu. Akalitupa kana kwamba limemuuma.

"Anakuja," alisema Ciakuthii kutoka mstari wa pili. Huyu alikuwa jirani yao, bibi kizee aliyezika waume wawili na ambaye hakuna kitu Kibugu kilichompita bila yeye kukionja.

"Nani?"

"Yule uliyemkosesha usingizi. Au ni yeye aliyekukosesha wewe. Mimi nimeshasahau."

"Cucu, chuma chai."

"Ninachuma. Mikono ndiyo inachuma, masikio yamepumzika tu."

Wawira hakujibu. Tangu ile Jumamosi alikuwa ameshajifunza kutojibu. Kanisani watu walimsogelea kwa heshima nyingi mno, wakamwachia nafasi kubwa kwenye benchi, kama mgonjwa. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika na wakaanza tena alipojitwika mtungi. Na wote walikuwa wanasema jambo moja: binti Njagi amekataza ucuru.

Watu wa Kinoru, waliokuja kumposa, walikuwa wamefika vizuri, hilo hakuna aliyelikana. Walitoka Meru alfajiri na kondoo dume, na pipa la asali, na wazee wenye makoti, na akina mama wakiimba kutoka barabara kuu mpaka kiamboni. Mama yake Wawira, Wambeti, alikuwa amekoroga ucuru, ule uji wa wimbi, siku tatu mbele, ukachacha ukawa mzuri, wa kuwasha ulimi. Na kwao ucuru wa siku kama hiyo haunywewi na mtu yeyote mpaka binti aitwe. Huitwa, akasimama mbele ya wageni, baba yake akamuuliza, "Mwanangu, huu tuunywe?" Akikubali, huonja yeye kwanza, kisha humpa kibuyu mkononi yule aliyemletea watu. Hapo wazee hunywa, na kazi imekwisha. Padri huja baadaye kubariki kitu ambacho kimeshakuwa.

Wawira alitoka na gauni la buluu alilolishona mwenyewe. Aliinua macho taratibu, kwa sababu alikuwa amelisubiri jambo hili muda mrefu na hakutaka liishe upesi. Akalitazama koti kwanza. Lilikuwa koti la Mwiti, yule aliyekuwa akimngoja, la kahawia, lenye kifungo kimoja tofauti ambacho yeye mwenyewe alikishona. Akapandisha macho kwenye uso. Uso ulikuwa wa Riungu, ndugu yake Mwiti.

Riungu alitabasamu na kuinua mabega kidogo, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake kwenye sherehe.

"Mwanangu," baba yake akauliza, "huu tuunywe?"

"Baba, msiunywe."

Jioni mama yake aliubeba ule ucuru wote, sufuria baada ya sufuria, akawapa ndama. Alikuwa analia.

Sasa Mwiti alikuwa amefika ukingoni mwa shamba. Akauweka mfuko chini. Alikuwa amekonda na kuchomwa na jua mpaka akawa na rangi ya mtu wa pwani, na mikono yake, ile mikono mikubwa ambayo Wawira aliijua kuliko alivyotaka kuijua leo, ilikuwa na makovu mapya.

"Wawira."

"Umefika," alisema. Haikuwa salamu.

"Nimeshuka kutoka melini juzi. Nikaenda nyumbani, sikulala. Nimekuja."

"Nimeona."

"Unaweza kusimama niseme na wewe?"

"Nimesimama. Mtu hachumi chai ameketi."

Ciakuthii alikohoa. Mwiti akamtazama bibi, akamwinamia kichwa kwa heshima, kisha akamgeukia tena Wawira, na sauti yake ikawa ya chini, ya mtu anayebana kitu kisilipuke.

"Mama yangu hajatoka nje ya ua tangu siku ile. Mama Kiende, ambaye watu wote wa Kinoru humwita wakiwa na sherehe, sasa anajificha nyuma ya nyumba. Riungu akipita uwanjani wanamwita bwana harusi wa ucuru baridi. Wazee walirudi na njaa, Wawira. Wazee. Walifika Meru hawajaonja hata maji."

"Na mimi wananiitaje?"

"Sijui."

"Hukuuliza. Umetoka Meru mpaka hapa na orodha ya aibu za watu wa kwenu, na ya kwangu hukuuliza."

Mwiti aliusogeza mfuko wake kwa mguu.

"Mimi nilituma ndugu yangu," alisema. "Sikutuma mtu wa barabarani. Kwetu ndugu yangu akisimama, mimi nimesimama. Nilijua sitawahi, nikasema, siku isiharibike, Riungu akae badala yangu, kazi iendelee."

"Kazi."

"Unajua ninachomaanisha."

"Ninajua sana. Huko kwenu baharini kila mtu ana wa kumpokea. Huyu akichoka, yule anaingia, mashine haisimami. Umenieleza mara nyingi, na mimi nilikuwa nafurahi kusikia. Sikujua siku moja utanipeleka na mimi kwenye hiyo mashine. Mimi si zamu, Mwiti. Mimi sipokewi."

Ciakuthii alikuwa ameacha kabisa kujifanya anachuma. "Hilo limeingia," alijiambia, kisha akakitoa kikapu chake mgongoni na kuanza kuteremka polepole kuelekea kituoni, kwenye mizani ya chai. Hata yeye alijua kuna maneno ambayo hayana kiti cha mtu wa tatu.

Wakabaki wawili, na michai kiunoni, na ukungu wa msituni ukianza kushuka.

Kuna kitu Wawira alikuwa amekiweka moyoni tangu Jumamosi ile, na hakumwonyesha mtu. Usiku alikuwa anamtungia Mwiti sababu. Helikopta iliharibika. Bahari ilichafuka ndege ikashindwa kutua juu ya ile meli yao ya kuchimbia mafuta baharini. Aliugua. Alivunjika. Alizipanga hizo sababu kama mtu anayepanga kuni za mvua, moja juu ya nyingine, na akiwa na hasira sana alijipasha moto kwazo. Sasa akaichukua iliyo kubwa kuliko zote.

"Helikopta haikuja," alisema. Alitaka iwe swali, ikatoka kama ombi.

Mwiti alimtazama. Wawira akayaona macho yake yakiiona ile njia, njia pana, nyepesi, iliyofunguliwa na yeye mwenyewe. Angesema tu ndiyo.

"Ilikuja," Mwiti akasema.

"Haikuwa na nafasi."

"Nafasi yangu ilikuwepo. Na mwenzangu wa kunipokea alishuka na helikopta hiyo hiyo. Alisimama karibu yangu, kofia kichwani, tayari."

Wawira alishika matawi ya mchai kana kwamba mchai unaweza kumshikilia mtu. "Kwa hiyo ungeweza kuja."

"Ningeweza."

"Na hukuja."

"Sikuja."

Hakupiga kelele. Watu waliomjua Wawira walijua kwamba akiwa na hasira kidogo hunung'unika, na akiwa na hasira nyingi huwa na adabu. "Basi nieleze," alisema. "Nieleze vizuri, maana mimi niliishia darasa la saba. Nieleze kilichokuwa kizuri kuliko mimi."

Mwiti alichuchumaa, akaokota udongo mwekundu, akaufikicha viganjani akiwa anazungumza. Ndivyo alivyokuwa. Mdomo haukumtosha, ilibidi mikono imsaidie.

"Asubuhi ya Ijumaa ile kisima kilikuwa hai," alisema. "Nilikwambia, tunapeleka tope chini kwa bomba, mbali chini ya sakafu ya bahari, na tope linarudi juu. Likirudi lile lile, hali ni njema. Siku ile lilianza kurudi jingi kuliko tulilopeleka. Maana yake kuna kitu huko chini kinasukuma. Gesi. Ikipata njia, inapanda na tope na mabomba na watu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye breki. Ile breki huioni kwa macho, unaisikia kwa mkono. Uzito wote wa mabomba uko hapo, kiganjani. Na chini ya mnara kulikuwa na vijana, hawanitazami usoni, wanatazama mkono wangu. Mkubwa wetu mzungu akaniambia, nenda, ndege inangoja, mpe mwenzako."

"Na mwenzako si fundi?"

"Ni fundi kunipita."

"Basi kwa nini, Mwiti?"

"Kwa sababu kisima kikiwa hai humpi mtu. Hakuna aliyeandika hivyo. Ni sisi wenyewe tunajua. Mkono uliokisikia tangu mwanzo ndio unaokijua. Nikasema, kikitulia nitaondoka. Kikatulia jua linapotua. Ndege ilikuwa imekwenda zamani."

Ubaya wa jambo ulikuwa huu: Wawira aliamini kila neno. Aliwaona hao vijana. Alijua kwamba kama Mwiti angekuwa mtu wa kuachilia ile breki ili akale kondoo Kibugu, yeye asingempenda hata dakika moja. Na hayo yote hayakuipunguza hasira yake. Yaliipa mahali pa kukaa.

Alimjua Mwiti kwa mkono huo huo. Mwiti alikuwa amekuja likizo kwa rafiki yake wa Kibugu, akamkuta Wawira anahangaika kujitwika kikapu kikubwa cha majani, akakiinua kutoka nyuma bila kuulizwa. "Nimeshika," alisema. Wawira akadhani anamtania. "Hujibu?" aliuliza yule kijana wa Meru. "Kwetu kazini hatuachii kitu mpaka wawili waseme. Anayepokea anasema nimeshika. Anayetoa anaangalia mkono wa mwenzake, anaona kweli, ndipo anasema umeshika, ndipo anaachilia." Wawira akageuka, akautazama mkono, akasema, "Umeshika." Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na tangu hapo kila walichopeana, kikombe, mwavuli, barua, walikipeana kwa maneno hayo mawili.

"Unakumbuka ulichonifundisha siku ile ya kikapu?" alimuuliza sasa.

"Nakumbuka."

"Siku ile nilipotoka nje na gauni langu, ulikuwa umeniachilia. Mbele ya wazee, mbele ya baba, mbele ya Ciakuthii na mdomo wake. Na hakuna mkono uliokuwa umeshika. Riungu hakushika. Riungu alikuwa amevaa koti tu."

Mwiti aliinuka. Udongo ukamdondoka viganjani. "Nitaacha hiyo kazi," alisema. "Sema neno moja. Nitarudi kuchimba visima vya maji Isiolo kama zamani, nitakuwa nyumbani kila mwisho wa mwezi."

"Usinitwike hilo."

"Ninakupa ulichotaka."

"Hujui nilichotaka." Sasa sauti yake ilitetemeka, na ilimkasirisha zaidi kwamba inatetemeka. "Ukiacha bahari kwa ajili yangu, siku moja utanitazama mezani kama mtu aliyekuibia. Sikutaka uiache. Nilitaka kuambiwa. Siku ile kisima kilipotulia ulipiga simu ya upepo mpaka Mombasa, si ndiyo?"

"Ndiyo. Afisi."

"Na afisi ikapiga Meru, dukani kwa Riungu. Riungu akamwambia mama yako. Mama yako akawaambia wazee. Usiku kucha watu walikuwa wanaambiana. Misheni yetu ina simu. Padri angemtuma mtu kwa baiskeli, ningejua kabla ya alfajiri, ningemwambia baba, siku ingesogezwa, na ndama wangekunywa maji kama ndama wengine. Kila mtu alijua, Mwiti, mpaka yule kondoo labda. Mimi nilijua nilipoinua macho."

Mwiti alisimama hapo na mikono yake yote miwili ikining'inia, haina kazi.

"Sikufikiri," alisema mwisho.

"Hukunifikiri mimi. Vijana wako uliwafikiri wote."

Honi ya lori la kiwanda ililia chini kituoni. Likiondoka, majani ya siku nzima yangelala na kuwa meusi. Wawira akamimina kikapu kidogo ndani ya kile kikubwa kilichokuwa ukingoni, akayashindilia, akachuchumaa na kuuweka mkanda kwenye paji la uso. Ciakuthii ndiye aliyemtwika kila siku, na Ciakuthii alikuwa ameshakwenda. Alijaribu mara moja, kikapu kikamrudisha chini.

Akahisi uzito ukiinuka.

"Nimeshika," alisema Mwiti nyuma yake, taratibu, kwa mazoea.

Wawira hakujibu. Akasimama, akateremka mlima, na kikapu mgongoni, na mikono ya mtu mwingine chini ya kikapu, hatua kwa hatua.

Kituoni mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Ndambiri, karani wa mizani, alisukuma kofia nyuma.

"Binti Njagi, leo majani yako yamekuja na mgeni."

"Pima majani," alisema Wawira. "Mgeni hana bei."

Wanawake wakacheka, Ciakuthii akacheka kuwashinda wote. Lakini kicheko kilikufa, kwa sababu Mzee Njagi mwenyewe alikuwa ameinuka kutoka kwenye jiwe alilokalia. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na tangu Jumamosi ile yalikuwa yamepungua zaidi. Mwiti akainamisha kichwa.

"Baba, hujambo."

"Umekuja na nani?"

"Niko peke yangu, baba."

"Basi bado hujafika. Mtu hajiposi mwenyewe. Watu wako wakija, ndipo nitajua umekuja." Akatazama mlimani, kuelekea nyumbani. "Na sijui kama nitawaita. Mama yake huyu amesema hakorogi tena. Anasema ndama wameshiba."

"Baba, nilikosa. Nilimkosea huyu kuliko nilivyokukosea wewe."

"Hilo utamwambia yeye."

"Nimemwambia."

Mzee alimgeukia binti yake. Wakati huo Wawira alikuwa ameshusha kikapu, na yeye na Mwiti walikuwa wamekiinua kwa kamba zake mbili, mmoja huku, mmoja kule, kukipeleka kwenye ndoano ya mizani. Kamba ilikuwa inamkata viganja. Watu wote wa kituo walikuwa wanatazama, kama vile walivyotazama wote siku ile, na alijua wakitoka hapo wataipeleka habari mpaka Runyenjes kabla ya giza.

"Wawira," baba yake alisema, "niwaite watu wa Kinoru tena, au nisiwaite?"

Alimtazama Mwiti. Hakuwa anatabasamu, hakuwa anaomba. Alikuwa anaangalia mkono wake Wawira, pale ulipokunja kamba, kama anavyoangalia mtu ambaye maisha yake yote yako hapo.

"Waite," alisema. "Lakini kile kiti ni cha huyu. Siku hiyo akikosa, kisikaliwe na mtu. Kikae kitupu nikione kitupu. Na kama kitakuwa kitupu, nijue mimi kwanza, kabla ya mama yake na kabla ya wazee."

"Utajua wewe kwanza," alisema Mwiti.

"Na ucuru?" aliuliza baba.

"Nitamwomba mama akoroge. Kama utanyweka, nitasema siku hiyo."

"Naona bado una hasira, mwanangu."

"Ninayo, baba. Hata siku hiyo nitakuwa nayo."

Mzee Njagi aliguna, na wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba aliguna kama mtu aliyeridhika. Ndambiri akaikamata ndoano, akangoja. Wawira hakukipeleka kikapu kwenye ndoano. Akautazama mkono wa Mwiti.

"Umeshika?" aliuliza.

"Nimeshika."

Akaangalia vizuri, mpaka akaona kweli.

"Umeshika," alisema, akaachilia kamba yake bila huruma.

Uzito wote ukamwangukia Mwiti. Alipepesuka, akakidaka kikapu kifuani, mishipa ikamsimama shingoni, wala hata jani moja halikudondoka. Wawira alikunja mikono yake na kumwacha akae hivyo, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha ndipo akasogea, akamsaidia kuifikia ndoano.